Bata Mwenye Tundu Tumboni

Chukua wembe umpasue yule bata wa plastiki ambaye mtoto amekuwa akioga naye tangu mwanzo wa mwaka. Mpasue kwa urefu, kutoka mkiani hadi shingoni. Kwa nje bado ana manjano yake, mdomo wa rangi ya chungwa na macho ya kuchorwa yaliyoanza kufutika. Kwa ndani kuna madoa meusi yaliyoshikana yakawa utando, na juu ya utando huo ute unaoteleza kidoleni kama mgongo wa kamongo. Haya ndiyo mambo ambayo mtoto alikuwa akijimiminia kichwani kila jioni, na mara nyingine mdomoni, huku mzazi akiamini kwamba kitu kinachoshinda ndani ya maji na sabuni hakiwezi kuwa kichafu.

Wengi wetu hapa Kisumu hatuna bafu la kujilaza. Mtoto huogeshwa ndani ya karai au beseni, nyuma ya nyumba, jua la alasiri likiwa bado lina nguvu ya kupasha maji. Hata hivyo bata amefika kila mahali, Milimani na Manyatta, Migosi na Nyalenda. Jumapili ukizunguka soko la Kibuye utamkuta juu ya turubai katikati ya rundo la vichezeo vya mitumba, pamoja na pomboo, kiboko na chura, kila mmoja na tundu lake tumboni. Bata wa mtumba huja na maji ya nyumba nyingine. Nilimbinya mmoja papo hapo sokoni, akatema vipande vyeusi kiganjani mwangu, na muuzaji wala hakushtuka. "Hilo ni vumbi la kontena tu, mama," akasema. "Osha na Omo, litaisha."

Halikuwa vumbi, na haliishi kwa Omo.

Ukungu ukigunduliwa nyumbani, lawama hutafuta mtu wa kuangukia, na karibu kila mara humwangukia mwanamke. Yaya ndiye wa kwanza: ataulizwa kwa nini haanikii vitu vya mtoto juani. Baada yake ni mama mtoto mwenyewe, hasa kama mama mkwe amekuja kutoka Seme au Uyoma kwa ajili ya kliniki na amelala siku mbili tatu. "Nyinyi watu wa mjini, hata karai linawashinda?" Baba mtoto kwa kawaida hayumo katika kesi hii, ingawa huenda ndiye aliyemnunua bata huyo akitoka kazini.

Kesi nzima imefunguliwa dhidi ya mtu asiyehusika. Ukungu huu umeletwa na umbo la kitu chenyewe. Plastiki iliyofungwa pande zote, yenye tundu moja dogo la kunyonya maji na isiyo na njia ya kupitisha hewa, itaota ukungu kwa mwenye nyumba msafi na kwa mchafu pia. Tukilikubali hilo kuhusu bata, hatuna budi kulikubali kuhusu chombo kingine cha manjano tulicho nacho kila nyumba, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike: mtungi wa maji wa lita 20.

Nianze na ushahidi, kwa sababu upo. Mwaka 2018 watafiti wa Eawag, taasisi ya Uswisi ya sayansi ya maji, wakishirikiana na wenzao wa ETH Zurich na wa Chuo Kikuu cha Illinois cha Marekani, walichapisha matokeo ya kupasua vichezeo vya kuogea. Baadhi walivichukua kwenye nyumba za watu. Vingine walivinunua vikiwa vipya, wakavitumia kwa wiki 11 kama vile kuna mtoto anaoga navyo, sehemu moja katika maji safi na sehemu nyingine katika maji yaliyokwisha kuogewa. Kila sentimita ya mraba ya ukuta wa ndani ilikutwa na bakteria kati ya milioni 5 na milioni 75. Kuvu zilikuwamo katika karibu asilimia 60 ya vichezeo vya majumbani na katika vyote vilivyotumiwa kwenye maji ya kuogewa. Bakteria wanaoweza kuleta maradhi, wakiwemo Legionella na Pseudomonas aeruginosa, walionekana katika vinne kati ya kila vitano.

Kumbuka hiyo ni Uswisi. Nasema hivyo kwa sababu najua wapo watakaokimbilia kulaumu maji ya Kisumu, na wana sababu za kuyashuku. Ziwa Viktoria pale Dunga hugeuka kijani kibichi mwani unapochanua, na gugumaji hujaza ghuba likaondoka na kurudi linavyotaka. Lakini maji ya Waswisi, ambayo wao wenyewe hujivunia kuyanywa moja kwa moja kutoka bombani, yalimlea bata mweusi kama wetu. Maji huleta vijidudu wachache tu. Anayewalisha ni plastiki. Ile plastiki laini inayobinyika huachia kaboni polepole ndani ya maji yaliyotuama, na kaboni hiyo ni chakula cha bakteria. Mtoto naye huongeza kitoweo: jasho, mkojo kidogo, uchafu wa mwili na mabaki ya sabuni, ambamo mna naitrojeni na fosforasi. Kadiri plastiki ilivyo duni na laini, ndivyo karamu inavyonoga. Ulaya ilipiga marufuku kabisa baadhi ya dawa za kulainishia plastiki katika vichezeo mwaka 2005, na Marekani ikafuata mwaka 2008, kwa sababu za afya zisizohusiana na ukungu. Vichezeo vilivyotengenezwa kabla ya sheria hizo havikuyeyuka vikatoweka. Baadhi ya vitu vikongwe vya huko ndivyo hivi tunavyovipata ndani ya marobota.

Halafu kuna jua, ambalo hapa kwetu ndilo dawa ya kila kitu. Godoro la mtoto aliyekojoa huanikwa juani, omena huanikwa juani, nepi huanikwa juani, na bata naye huwekwa juu ya ukuta akauke. Mji huu uko karibu na mstari wa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake la saa saba mchana halina mzaha. Eawag hiyohiyo iliyopasua mabata ndiyo iliyotumia miaka mingi, tangu 1991, kuhimiza njia ya kusafisha maji kwa jua: unajaza chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, unailaza juani saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, kisha unakunywa. Njia hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996 yakionyesha kuhara kumepungua. Shirika la KWAHO likaieneza Kibera. Siri yake ni mwanga wenyewe kupenya hadi kwenye maji. Bata wa manjano hapitishi mwanga. Ukimweka juani unampasha joto maji yake yakiwa ndani, yaani unampikia ukungu uji. Mtungi wa manjano nao hivyohivyo.

Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, hata joto hilo halisaidii kukausha kitu. Sare za shule hukaa siku mbili kwenye kamba. Tone la maji lililobaki kifuani mwa bata, nyuma ya tundu la milimita mbili, litakauka lini?

Sasa, tusitiane hofu kupita kiasi. Mtoto mwenye afya anayemeza funda la maji ya bata kwa kawaida hapatwi na kitu, na kama nyumba ina uwezo wa kushughulikia hatari moja tu wiki hii, bata asiwe hiyo. Kuna chandarua. Kuna jiko la mafuta lililowekwa sakafuni. Kuna beseni lenyewe, ambalo mtoto mdogo huweza kuzama humo wakati mama amegeuka kufungua mlango. Lakini watoto hawako sawa. Pseudomonas hupenda sikio lenye usaha, jicho lililokwaruzika na ngozi iliyoungua. Mwaka 1998 madaktari wa Melbourne, Australia, waliripoti mlipuko wa bakteria huyo, wa aina sugu kwa dawa, katika wadi ya watoto wenye saratani, na chanzo kikawa vichezeo vya kuogea vilivyokuwa vikitunza maji ndani yake. Watoto wale hawakuwa na kinga. Hapa kwetu wasio na kinga ya kutosha hawapatikani kwenye wadi ya saratani peke yake. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti zilizobeba mzigo mzito kuliko zote nchini wa virusi vya UKIMWI, na nyumba zenye mtoto aliyedhoofika kwa lishe duni hazihitaji darubini kuonekana.

Kwa hiyo nina ombi moja la haraka kwa vikundi vya kanisa na vya ofisini vinavyobeba zawadi za Krismasi kwenda wadi za watoto, pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, au popote pengine. Pelekeni vitabu, pelekeni mipira, pelekeni magari ya plastiki ngumu. Bata mwenye tundu abaki dukani.

Na aliyeko nyumbani tayari? Nitasema kwa ufupi, maana maelezo ya kumsafisha yamejaa kila mahali na mengi yanaahidi zaidi ya yanavyotimiza. Nusu kikombe cha Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, katika lita 4 za maji, bata anyonyeshwe maji hayo hadi ajae, alale humo saa nzima, atikiswe, akamuliwe, asuuzwe kwa maji safi mara kadhaa. Jik isichanganywe kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu nyingi za fleti zetu zina dirisha la ukubwa wa daftari. Ukimaliza yote hayo, madoa yatafifia. Baada ya wiki mbili tatu yatarudi, kwa kuwa utando ule hulindana: walio juu hufa, walio chini huishi wakaanza upya. Mimi naona ni afadhali kumtupa. Ukinunua mpya na lazima awe na tundu, lizibe kwa gundi ya moto kabla hajaona maji hata mara moja, mradi mtoto awe amepita umri wa kutafuna kila kitu, kwa sababu kizibo cha gundi kikibanduka huingia kooni.

Kumtupa nako si bure. Takataka za mji huu hazikai zilipotupwa. Mvua ikinyesha mito ya Kisat na Auji huzibeba hadi ziwani, na aliyetembea ufuoni asubuhi baada ya mvua kubwa anajua kinachokuwa kimelala pale. Lile jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki na ndala zilizotupwa, lilipoanza safari yake ya Ziwa Viktoria mwaka 2021, lilianzia hapa Kisumu. Hatukuwa na upungufu wa malighafi.

Nimesema ukungu unaletwa na umbo. Twende basi kwenye umbo linalotuhusu sote.

Simama asubuhi penye kioski cha maji Nyalenda. Mitungi imepangwa foleni, mingi ya manjano, mingine ya bluu iliyopauka. Mama mmoja anachota konzi ya mchanga na kokoto ndogo, anazitia ndani ya mtungi pamoja na sabuni ya unga na maji kidogo, anauziba kwa kiganja na kuusukasuka kwa nguvu hadi mabega yanatetemeka. Anamwaga. Yanatoka maji ya kijivu yenye vipande vya kijani. Anasuuza, anachungulia ndani kwa jicho moja, anaridhika, anasogea mbele. Hakuna mtu mvivu hapo. Mchanga ule unakwangua sakafu ya mtungi na kuta zake vizuri kuliko dawa nyingi za dukani. Usichofikia ni mpini. Mpini wa mtungi wa plastiki uko wazi ndani, ni kama bomba lililojikunja, na kokoto zinapita mbele yake bila kuingia. Kona za juu karibu na shingo nazo hazifikiki. Utando hujificha huko, kisha mtungi ukijazwa hushuka taratibu kurudi kwenye maji.

Chombo hicho hakikuundwa kuwekea maji ya kunywa. Kilizaliwa kubeba mafuta ya kupikia, kikatumika mara moja, kikauzwa. Kimedumu kwa sababu ni chepesi, hakivunjiki, kinakaa vizuri kwenye mkokoteni, na kila mtu anajua ujazo wake. Sikidharau. Kimewatua wanawake wa nchi hii mizigo ambayo vyungu viliwavunjia migongo. Lakini ni bata wa lita 20, na tofauti kubwa ni kwamba humo tunakunywa.

Fikiria safari ya maji yenyewe. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, huyatoa ziwani kupitia Dunga, na mtoni Kibos kupitia Kajulu, ikayachuja na kuyatia klorini. Tangu katikati ya miaka ya 2000 imekuwa ikiwauzia kwa jumla waendeshaji wa mitaani katika sehemu kama Nyalenda, nao wakayafikisha kwenye vioski na nyumba. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafikapo mahali pa kuchotewa yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Klorini hiyo ni mlinzi anayesindikiza maji hadi kikombeni. Sasa mimina maji hayo ndani ya mtungi wenye utando. Klorini inaanza kupambana na ute wa ukutani, inaisha hapohapo, na jioni watoto wanapochota maji ya kunywa hakuna mlinzi. Pesa zilizotumika kuyasafisha, kuanzia Dunga hadi bombani, zimepotelea katika hatua ya mwisho, ndani ya nyumba.

Haya yamejulikana kando ya ziwa hili kwa muda mrefu, na mengi yamejulikana kutokana na sisi wenyewe kupimwa. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na washirika wake wa Marekani wamefanya kazi Kisumu na Siaya kwa miongo kadhaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, maboma 605 ya magharibi mwa Kenya, ambako watu walikuwa wakinywa maji yenye tope, yaligawanywa: mengine yakapewa klorini, mengine unga wa kutuliza tope na kuua vijidudu kwa pamoja, mengine yakaendelea kama kawaida. Kwa watoto wa chini ya miaka 2, kuhara kulipungua kwa asilimia 17 kwenye klorini na asilimia 25 kwenye unga. Dawa ya klorini ya WaterGuard ilikwisha kuingia sokoni nchini mwaka 2003, kifuniko kimoja kwa lita 20, usubiri nusu saa. Vikundi vya akina mama vya Kisumu vimeiuza mlango kwa mlango miaka mingi. Dawa tunayo. Tunaimimina ndani ya nini, hilo hatuliulizi sana.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu ugumu mmoja, kwa sababu wataalamu wa maji wataniuliza. Shingo nyembamba ya mtungi ina kazi yake. Chungu chenye mdomo mpana hukaribisha kata, kata hukaribisha mkono, na mkono wa mtoto aliyetoka chooni humaliza kazi yote ya Dunga. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Homa Bay, shirika la CARE liliwashirikisha akina mama wafinyanzi kutengeneza chungu cha kienyeji kilichorekebishwa: mdomo umefinywa, kifuniko juu, bomba dogo chini. Maji yakawa baridi kama ya nyumbani kwa dani, yaani nyanya, na mkono ukakosa pa kuingilia. Walikuwa sahihi. Mdomo unaozuia mkono mchafu huzuia pia mkono unaosafisha, na kinachotafutwa ni kipimo cha katikati: uwazi unaopitisha brashi lakini usioalika kata, na bomba la kutolea. Ndoo zenye kifuniko na bomba, zile zilizosambaa kila kona wakati wa korona mwaka 2020 kwa ajili ya kunawa mikono, zinakaribia sana kipimo hicho. Nyingi sasa zinawekewa nguo chafu. Zioshwe vizuri, zirudi kazini.

Bata hana utetezi wa namna hiyo. Tundu lake halimkingi mtu yeyote na chochote. Lipo ili alie akibinywa na ili arushe maji. Na kwamba bata anaweza kuelea bila tundu si jambo la kubishaniwa. Januari 1992 meli ya Ever Laurel ilipoteza kontena katika dhoruba kwenye Bahari ya Pasifiki, na vichezeo vya kuogea zaidi ya 28,000 vikamwagika baharini: mabata, kasa, vyura na wanyama wengine. Havikuwa na matundu, kwa hiyo havikunywa maji. Vilielea mwaka hadi mwaka, vikawasaidia wataalamu kuchora njia za mikondo ya bahari, na miaka zaidi ya 10 baadaye vilikuwa vingali vikiokotwa ufuoni. Kama kiwanda kiliweza kutengeneza bata wa namna hiyo miaka thelathini na zaidi iliyopita, kisingizio cha leo ni kipi? Shirika la Viwango, KEBS, lingeweza kuwaambia waagizaji kwamba kichezeo cha kuogea kinachoingia nchini kiwe ama kimezibwa kabisa, ama kinafunguka katikati kikaoshwa. Hilo ni sharti la mstari mmoja.

Kliniki zetu zimekuwa zikifundisha kanuni hii ya kulaumu umbo badala ya mtu, bila kuitaja kwa jina. Mama asiyeweza kunyonyesha kwa sababu moja au nyingine haambiwi anunue chupa. Huambiwa atumie kikombe na kijiko, hata kwa mtoto mchanga, na sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama ilibana pia matangazo ya chupa na chuchu za plastiki. Muuguzi anajua kwamba chupa ina shingo, chuchu ina kitundu, na maziwa huganda mahali ambapo macho hayaoni. Kikombe kinaoshwa kwa kidole na kukauka kwa dakika chache. Muuguzi huyo hajawahi kumwambia mama kwamba chupa ilichafuka kwa uzembe wake. Amemwondolea chupa, basi.

Watoto wa Dunga na Usoma nao wana hekima yao. Boti zao wanazichonga kwa soli za ndala zilizochakaa, mlingoti ni kijiti cha ufagio, tanga ni karatasi ya unga. Hakuna pa maji kujificha. (Wanakozichezea, yaani ziwani kwenyewe, ni hadithi nyingine. Kichocho kimejaa kwenye kingo hizo, na waosha magari wa ufuo wa Kisumu wamechunguzwa na KEMRI tangu miaka ya 1990 kwa sababu hiyohiyo. Boti ije kwenye karai.) Mtoto wa mwaka mmoja hahitaji hata boti. Mpe kikombe cha plastiki, kopo la siagi lililotobolewa chini, na kifuniko cha sufuria, na hutamtoa kwenye maji mpaka vidole vinyauke. Bata ni sisi wazazi tunaompenda, kwa sababu tumemwona kwenye picha za watoto wa watu wengine.

Kwa hiyo yaya asigombezwe tena. Na nguvu ile ya kugombeza, kama bado ipo, iende kwenye vioski. Kaunti, KIWASCO na waendeshaji wa mitaa wanaweza kuweka penye kila kioski brashi ndefu iliyopinda ya kuingia hadi kwenye mpini, pamoja na pipa la maji yenye klorini kali ya kusuuzia, na mteja akalipa shilingi chache mara moja kwa wiki kama anavyolipa kuchaji simu. Tayari wapo vijana wanaosukuma mikokoteni ya maji siku nzima. Wachache kati yao wangeifanya kazi hiyo na kuipenda, hasa mvua inaponyesha na watu wakakinga maji ya paa badala ya kununua. Mtungi uliopita miaka mitatu ukaota weusi usiotoka ungepokelewa pale na kupunguziwa bei ya mpya, ukaenda kwa wanaoponda plastiki badala ya kwenda mtoni Auji.

Na kioski kisichotaka kuosha, angalau kiuze vifuniko. Kifuniko cha mtungi hupotea wiki ya kwanza, mahali pake huchomekwa gunzi la mahindi au kipande cha nailoni, na gunzi hilo halijawahi kuoshwa na mtu yeyote, si Nyalenda wala Milimani.